Kufungua kalipa za breki nyumbani: anza na nipeli

Ndugu yangu wa Mambrui, umeeleza kwamba Corolla yako ya mwaka 1996 huvuta kushoto, na kwamba ukifika mjini gurudumu la mbele la upande huo huwa na joto lisiloshikika, nawe unauliza kama unaweza kuifungua kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski, mwenyewe nyumbani. Unaweza, lakini nakusihi usiiguse kabla hujajua kama kosa ni lake.

Mimi, nikiwa na gari la umri huo huo hapa Malindi, nilinunua kalipa nzima ambayo sikuihitaji. Kilichoharibika kilikuwa mpira wa breki, yaani bomba laini linalopeleka mafuta kwenye kalipa, ambao kwa ndani ulikuwa umevimba, ukawa unapitisha mafuta ninapokanyaga na kuyazuia yasirudi ninapoachia.

Kulibaini jambo hili hakuhitaji mtambo wowote. Endesha mpaka gurudumu lishikwe, liinue kwa jeki, kisha lizungushe kwa mkono. Likiwa limekaza, vaa miwani na ulegeze kidogo nipeli, ile bolti ndogo yenye tundu iliyo nyuma ya kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia papo hapo, shinikizo lilikuwa limezuiliwa ndani ya kalipa lisirudi, na mara nyingi mwenye hatia ni mpira. Likibaki limekaza vile vile, basi ni pistoni inayosukuma pedi, au pini ambazo kalipa hutelezea.

Tatizo ni kwamba kwetu chumvi ya bahari haina simile, na nipeli ya gari la zamani hukatika kichwa kwa urahisi. Isugue kwa brashi ya waya, itie mafuta ya kulegeza kutu jioni, uiache hadi asubuhi, kisha tumia boksi ya pembe sita. Ikigoma, ikaze kidogo kwanza ndipo uilegeze, maana mara nyingi kutu huachia upande usioutarajia.

Kuhusu kuliinua gari, ua wangu ni mchanga, kwa hiyo huweka ubao mpana chini ya jeki na gari nikalikalisha juu ya stendi za chuma. Usitumie kamwe matofali ya mawe ya matumbawe, ingawa yamejaa kila kiwanja: ni laini, na hupasuka bila kutoa ishara.

Ukithibitisha kwamba kalipa ndiyo mbovu, kazi yenyewe si ndefu. Katika Corolla nyingi za wakati huo, bolti mbili za kalipa ni za spana namba 14, na zile za brakiti inayoishikilia ni za namba 17. Ukishaichomoa, ifunge kwa waya kwenye springi ya shokomzoba, wala usiiache ikining'inia kwa mpira wake, kwa sababu uzito huo huupasua kwa ndani mahali usipopaona. Vumbi la pedi lilowanishe kwa maji ulifute, usilipulize.

Pini zikitoka na kutu ya rangi ya kahawa, zisafishe mpaka ziteleze kwa kidole, uzipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha raba zake, na baada ya miezi michache utarudi ulipoanzia. Kama ni pistoni iliyoshikwa, badilisha kalipa nzima, na unapounganisha mpira tia washa (pete bapa) mpya za shaba. Angalia pia kwamba umenunua ya upande unaobadilisha, wa kushoto au wa kulia, kwani nipeli ikikaa chini, hewa itabaki juu na breki zitakuwa laini daima.

Mafuta ya breki yawe ya chupa ambayo haijafunguliwa, kwa sababu hunyonya unyevu, na wetu unaujua: DOT 3, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Toa hewa kupitia nipeli, ukiongeza mafuta kikoponi kabla hayajaisha, kisha ukanyage pedeli mara nyingi mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja.

Nilipobadilisha ule mpira, niliendesha taratibu hadi daraja la Sabaki, nikashuka na kuweka kiganja karibu na rimu ya kushoto, kisha ya kulia. Joto lilikuwa sawa.