Kuhusu Zweig na woga

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Umemaliza kusoma Die Welt von Gestern, tawasifu ya Stefan Zweig, mwandishi wa Austria, na umekasirika. Unaniuliza: mtu ambaye Wanazi walichoma vitabu vyake, akaihama Austria na kuishia Brazili, anawezaje kujaza kitabu chake habari za tamthilia, muziki na miswada ya watunzi wa zamani badala ya kuwavaa waliomtesa? Je, huo si woga?

Hasira yako naielewa, lakini rudia kurasa za ile opera, yaani tamthilia ya kuimbwa. Zweig, Myahudi, aliandika maneno ya Die schweigsame Frau. Richard Strauss, aliyekuwa rais wa chombo cha serikali kilichosimamia wanamuziki, akatunga muziki wake. Ni kichekesho kitupu, siasa haimo hata chembe. Hata hivyo ruhusa ilibidi itoke kwa Hitler mwenyewe. Siku za onyesho la kwanza, Dresden, Juni 1935, jina la Zweig liliondolewa kwenye bango, mpaka Strauss aliposhikilia lirudishwe. Siku hizo hizo polisi wa siri walinasa barua ya Strauss kwenda kwa Zweig. Opera ikapigwa marufuku baada ya maonyesho machache, na Strauss akalazimika kujiuzulu. Zweig anasimulia sehemu kubwa ya mkasa huu kwa sauti ya chini kabisa. Ila mimi, mwanangu, ndipo nilipoelewa udikteta ni nini: hata kicheko cha ukumbini unataka ukitolee kibali.

Ninapomlaumu ni kwingine. Mwaka 1933 Klaus Mann, kijana wa miaka 26, alianzisha jarida la Die Sammlung huko Amsterdam ili waandishi waliofukuzwa wapate pa kusemea. Wachapishaji waliobaki Ujerumani waliogopa kupoteza soko, na waandishi wakubwa wakajitenga nalo: Thomas Mann (baba mzazi wa Klaus), Alfred Döblin, na Zweig pia. Hapo simtetei. Kijana yule alihitaji majina yao wakati ule ule, si miaka kumi baadaye.

Sasa msome Ernst Toller, maana yeye alikwenda njia nyingine kabisa. Tawasifu yake, Eine Jugend in Deutschland, ilitoka Amsterdam mwaka 1933, na dibaji yake ameiandikia tarehe hivi: siku ya kuchomwa kwa vitabu vyangu Ujerumani. Toller alikuwa mshairi aliyejikuta akiongoza wapiganaji katika mapinduzi ya 1919 ya München, mji wa kusini mwa Ujerumani, akafungwa miaka mitano, na tamthilia zake kubwa akaziandikia gerezani. Mbayuwayu walipojenga kiota ndani ya seli yake, aliwatungia mashairi. Wakuu wa gereza wakaamuru viota vibomolewe. Lakini kinachonifanya nimheshimu zaidi ni kwamba hajisifu. Anajiuliza kama mtu anayetenda ni lazima daima awe na hatia, na kama asiyetaka hatia hana budi kuangamia. Swali hilo analiacha wazi, ilhali yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kujipigia makofi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: Zweig alikuwa mwoga mwaka 1933, lakini kitabu chake si cha mwoga. Alikiandika akiwa hana maktaba, hana shajara, uraia wake umefutwa pamoja na nchi yake. Kuikumbuka Vienna kama mji uliosikiliza muziki bila kumuuliza mtu dini yake, wakati Hitler anaishikilia Ulaya, kulikuwa kusimama upande fulani. Tena usisahau kwamba Toller alijiua New York mwaka 1939, na Zweig huko Petrópolis, Brazili, mwaka 1942. Aliyeingia siasani na aliyezikwepa, uhamisho uliwaonea sawa.

Toller ninaye hapa nyumbani. Kaka yako akija huko nitampa akuletee. Anza na sura za München, kisha uniandikie kama bado unamwona Zweig vile vile, na unitajie ukurasa.

Mama yako