Anza na ugomvi wao

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza utaanzia wapi kuandika historia ya mji ambao hauna hata kitabu kimoja, na wazee waliokuwa wakiyajua mambo yake wengi wameshafariki. Unaogopa umechelewa. Hujachelewa, ila usianze kwa kusaka maandishi yenye jina la historia. Anza na ugomvi.

Watu hawana kawaida ya kuandika maisha yao ya kila siku, lakini wakishtakiana hueleza kila kitu. Kipo kijiji kinaitwa Montaillou, milimani kusini mwa Ufaransa. Kati ya 1318 na 1325, askofu Jacques Fournier, aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa Kumi na Mbili, aliwahoji wanakijiji kwa tuhuma za uzushi, na makarani wake wakaandika majibu. Yeye alitafuta makosa ya imani. Sisi leo tunasoma humo wachungaji walihamisha kondoo kwenda wapi, nani alimpenda nani, na wanawake waliongea nini huku wakitoana chawa juani! Wengi wao hawakujua kusoma, na karne saba baadaye bado tunasikia maneno yao.

Basi nenda mahakamani, uombe majalada ya zamani ya mipaka, madeni na mirathi. Jalada moja la mirathi laweza kukupa vizazi vitatu vya ukoo, vyombo vya nyumbani, na majina ya waliokuwa wakimdai marehemu. Na usiruke kwenye hukumu. Utamu uko kwenye ushahidi, pale jirani anapoulizwa mti wa mpakani aliupanda nani, naye anajibu kwa kusimulia nusu ya mtaa.

Wazee waliobaki usiwaambie, "Nipeni historia ya mji." Watakupa habari za viongozi, walizokwisha kuzisema mara nyingi. Shika mtaa mmoja, nyumba kwa nyumba: hapa alikaa nani? Kabla yake? Nani alimuuzia? Miaka usiwadai. Uliza kama jambo lilitokea kabla au baada ya mafuriko, njaa, au kupatwa kwa jua. Tarehe ya kupatwa kwa jua wanafalaki huikokotoa mpaka siku yenyewe. Hata aliyesimuliwa na bibi yake aweza kukumbuka kama mtu fulani alizaliwa kabla ya ile homa kuu ya mafua ya 1918, iliyoua watu wengi duniani.

Makaburini nenda jua linapokaribia kuzama, au uende na tochi uimulike kutoka ubavuni, karibu kabisa na jiwe. Herufi zilizofutika hupata vivuli, na jina hutokea. Piga picha. Usisugue jiwe kwa brashi ya waya wala kulipaka chaki, utaliharibu.

Utakuta masimulizi mawili yasiyopatana. Usiyapatanishe, nakuomba. Yaandike yote mawili, na useme nani kasema lipi, maana mara nyingi hapo walipotofautiana ndipo alipo mtu aliyenyang'anywa kiwanja.

Rekodi sauti kwa ridhaa yao, andika jina la msemaji na tarehe siku hiyohiyo, kisha nakala moja ipeleke maktaba na nyingine uiache kwa familia yake. Simu hupotea.

Mama yako