Mwaka wa Shule Uliorefushwa kwa Kura

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Zurich na mke wangu ni mzaliwa wa hapa. Juzi, tulipokuwa tukipanga karatasi za zamani, niliona katika ripoti zake za shule kwamba alikaa darasa la tano tangu Aprili 1988 hadi Julai 1989. Nilipomsimulia kaka yangu aliyeko Tanga, alicheka na kusema kwamba shemeji yake alirudia darasa. Mke wangu anashikilia kwamba yote hayo yalitokana na kura ya wananchi. Je, mwanzo wa mwaka wa masomo huamuliwa kwa kura?
Msomaji, Zurich

JIBU: Kaka yako amwombe shemeji yake radhi, kwa sababu hakurudia darasa.

Nchini Uswisi shule ni mamlaka ya majimbo, yaitwayo kantoni, na kwa miaka mingi kila jimbo lilikuwa na kalenda yake. Zurich, Bern na majimbo mengine kadhaa yanayozungumza Kijerumani yalianza masomo majira ya kuchipua, baada ya Pasaka, ilhali yale ya Kifaransa yalianza mwishoni mwa kiangazi. Mzazi aliyehamishiwa kazi Geneva kutoka Zurich alimpeleka mtoto kwenye shule ambayo wenzake walikuwa katikati ya mwaka, na mtoto alilazimika ama kuruka masomo ya miezi kadhaa ama kuyarudia. Majimbo yalikwisha kukubaliana mwaka 1970 kusawazisha jambo hilo, lakini wapiga kura wa Zurich na Bern walikataa kubadili kalenda yao, na mwaka 1982 wakakataa tena.

Hapo ndipo njia ya pendekezo la wananchi ilipotumika. Sheria ya huko inaruhusu raia wakikusanya sahihi 100,000 kudai katiba irekebishwe. Bunge nalo likajibu kwa pendekezo lake mbadala, kwamba mwaka wa masomo uanze kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Septemba nchi nzima. Tarehe 22 Septemba 1985 pendekezo hilo lilipita kwa karibu asilimia 59 ya kura. Kwa kuwa lilihusu katiba, lilihitaji pia wingi wa majimbo, nao ukapatikana. Kwa maoni yangu ni ajabu kidogo kuona tarehe ya kufungua shule ikiandikwa katika katiba, lakini pasipo hivyo Zurich isingebanduka.

Ili kuhama kutoka Aprili hadi Agosti, Zurich ilirefusha mwaka mmoja wa masomo, ule wa 1988/89. Kenya, baada ya shule kufungwa kwa sababu ya korona, ilifanya kinyume: wizara, bila kura yoyote, ilibana mihula na likizo hadi kalenda iliporejea Januari mwaka 2023.

Kaka yako akiendelea kubisha, tafuta ripoti ya mtu mwingine yeyote aliyesoma shule za umma za Zurich wakati huo, nawe utakuta mwaka uleule mrefu.