Barua kwa mwanangu: jina la huyo paka wako

Mwanangu,

Meseji yako nimeipata na picha ya huyo paka nimeiona, nimeikuza kwenye simu mpaka nikahesabu masharubu. Umeniuliza hivi, "Baba we ulisoma Urusi, nimpe jina gani la Kislavi, la hawa Warusi na Wapolandi, Boris, Miroslav au Ryzhik?" Nimekaa na hilo swali siku mbili mama, maana limenirudisha mbali.

Mwaka 1984 nilifika Voronezh, mji wa huko Urusi, kwa ule mwaka wa kwanza wa kufundishwa lugha kabla ya kuanza chuo. Mlangoni kwa bweni letu alikuwa anakaa bibi mmoja mlinzi, shali kichwani, na paka wake mweusi mwenye kidevu cheupe, kutwa kalala juu ya radieta ile ya kupasha nyumba joto. Jina lake Vasily. Mi nikitoka kwenye baridi naenda kusimama hapo hapo nipashe mikono, Kirusi changu maneno manne, kwa hiyo kazi yangu ni kusikiliza tu. Sasa nikaanza kugundua kitu, bibi akimbembeleza anasema Vasenka, siku ya kawaida ni Vasya, akipanda mezani ni Vaska! kwa sauti ya kukata, na siku aliyoiba kipande cha samaki kilichofungwa kwenye gazeti bibi alisimama mbele yake mkono kiunoni akamwita Vasily Petrovich, jina na jina la baba kabisa kama mtu aliyeitwa ofisini, na yule paka akalaza masikio. Nikakimbia chumbani kuandika yote manne kwenye daftari. Darasani walikuja kutufundisha hayo wiki kadhaa baadaye, mi nilikuwa nishayajua kwa paka.

Ndo maana nakwambia jina la Kislavi usiliangalie kwa lile umbo lake refu la kwenye kitambulisho. Liangalie linavyokunjika. Ni kama sisi tu, Mohamedi anakuwa Mudi, Khadija anakuwa Dija, Ramadhani ni Rama, na we mwenyewe nikikuita jina lako lote unajua kuna jambo. Paka wako utamwita mara ishirini kwa siku, ukiwa na furaha, ukiwa umechoka, akiwa amekojoa kwenye kiatu, sasa jina lisilokunjika utalitupa mwezi wa pili.

Haya tuje kwenye matatu yako.

Miroslav ni zuri sana, na hilo ni la Kislavi kwelikweli, mir ni amani na slav ni utukufu. (Mengi tunayodhani ni yao wameyapokea, Vasily mwenyewe katoka kwa Wagiriki, maana yake mfalme, na Ivan ndo Yohana huyuhuyu.) Huko Poland unakoishi wanaandika Mirosław, ukilikunja unapata Mirek. Ila si ulinambia mzee wa ghorofa ya chini aliyekusaidia kupandisha kabati anaitwa Mirosław? Basi hapo limekufa mama. Huwezi kusimama kwenye ngazi unaita Mirek, Mirek, njoo ule, na mzee wa watu anasikia. Hata hapa Tanga ukimpa paka jina la jirani umemtukana, na huko pia wapo wasiopenda mnyama kuitwa jina la mtu, hasa watu wa kanisani.

Boris sina ugomvi nalo. Lakini uko Kraków, hauko Voronezh. Poland ilifutwa kwenye ramani mwaka 1795 ikarudi 1918, na sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa Warusi, afu yakaja na mengine ya juzijuzi unayoyaona mwenyewe. Mi Kirusi nakipenda, kimenilisha, lakini mgeni akiita paka wake kwa lugha ya nchi aliyopo majirani wanafunguka. Kwa hiyo Ryzhik nayo, japo ndo jina ambalo Warusi wanampa paka wa rangi ya chungwa kama wako toka zamani, iache kwa Kirusi ila maana yake uichukue.

Maana yake ni huyo mwenye rangi ya kutu, ya chungwa. Kwa Kipolandi ni rudy, na ukilikunja unapata Rudzik. Hilo ndo chaguo langu. Rudzik kwao pia ni kandege kadogo kenye kifua cha rangi ya chungwa, kwa hiyo jirani akilisikia anacheka na kuelewa hapo hapo. Na kulitamka ni rahisi, hiyo dzi mdomoni kwetu ni kama ji, Rujik. Ukimwita aje inageuka Rudziku, maana Wapolandi jina wanalibadilisha mwisho wanapoita, na ukimdekeza unasema Rudziczek. Ukikasirika kata tu, Rudy! Umeona lilivyo na matawi?

Kitu kimoja lakini, umehakikisha ni dume? Paka wa rangi hiyo wengi ni madume, kama wanne kwa watano, lakini usikisie, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Sisi kwetu paka amekuja ni amekuja, dume au jike hatujali. Huko dume ni przyszedł na jike ni przyszła, akiwa jike inabidi jina libadilike, na hata ile hadithi yote ya jinsi alivyokukuta kwenye ngazi na mvua utaisimulia upya.

Halafu usimwite kis-kis-kis kama nilivyokuwa nakufundisha ukiwa mdogo, hiyo ya Warusi. Huko ni kici kici, itamke kichi kichi.

Leo jioni ukifungua kopo la chakula chake simama jikoni uite Rudziku mara tatu, usipaze sauti, uone masikio. Nirekodie nisikie unavyolitamka. Mama yako hapa keshaanza kumwita Rujiki, na i yake mwishoni, na ameniambia hatalibadilisha.

Baba yako