Ukisoma Maisha ya Kiongozi, Anza na Fedha Zake

Nimefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na wanafunzi huniuliza wasomeje maisha ya kiongozi wa nchi ya mbali bila kupotelea kwenye tarehe za vita. Huwaambia hivi: tafuteni siku alipopata fedha nyingi, kisha zifuateni hadi zilikoishia.

Mfano niupendao ni Manuel Belgrano wa Argentina, aliyeongoza jeshi la kupigania uhuru kutoka Hispania. Wengi humtambulisha kwa bendera aliyoipandisha Rosario, kando ya mto Paraná, tarehe 27 Februari 1812. Ni sawa, ila bendera haikuonyeshi tabia ya mtu. Nenda 1813. Mwanasheria huyu aliyesomea Hispania, asiye mwanajeshi kwa mafunzo, alikuwa ameyashinda majeshi ya mfalme wa Hispania huko Tucumán, kisha Salta. Bunge la Buenos Aires likamtunuku peso 40,000. Akaomba zote zianzishe shule nne: Tarija, Jujuy, Tucumán na Santiago del Estero.

Hapo usikimbilie ukurasa unaofuata. Soma kanuni alizoziandikia shule hizo Mei mwaka huohuo. Kila moja ipate peso 500 kwa mwaka: 400 mshahara wa mwalimu, 100 za karatasi, wino na vitabu vya watoto wa maskini. Tena, siku za sherehe mwalimu aketi pamoja na madiwani wa mji, ahesabiwe kuwa baba wa taifa. Kifungu hicho hunigusa kila nikisomapo. Jenerali yuko vitani, maadui bado hawajaisha, naye anapanga mwalimu akae wapi!

Sasa uliza: fedha zilifika? Kwa miaka mingi shule zilibaki kwenye makaratasi. Belgrano alifariki Buenos Aires tarehe 20 Juni 1820, fukara kiasi cha kumlipa daktari wake kwa saa yake ya mfukoni. Shule ya Jujuy ilifunguliwa 2004. Kwa swali hilo moja unaiona Argentina changa ilivyokuwa: nyepesi kutunuku, nzito kulipa, na magavana wakigombea kiti cha Buenos Aires siku ileile Belgrano anakata roho.

Ukimaliza, jaribu njia hii kwa José de San Martín, jenerali mwingine wa Argentina katika vita hivyo vya uhuru. Baada ya ushindi wake vitani Chacabuco, nchini Chile, 1817, jiji la Santiago lilimpa peso 10,000, naye akazielekeza kwenye maktaba ya taifa ya Chile. Anzia hapo, ndipo usome alivyovuka milima ya Andes.