Nani Anapanga Safari ya Mkazi wa Kitengela?

SWALI: Mhariri, ninaishi Kitengela, Kaunti ya Kajiado, na ninafanya kazi Nairobi. Kila mwaka magorofa ya kupangisha yanaongezeka hapa kwetu, na msongamano wa magari kuelekea mjini unazidi. Je, kaunti hizi mbili hazilazimiki kupanga mambo kwa pamoja?
— Msomaji, Kitengela

JIBU: Zinalazimika kushirikiana, lakini hazilazimiki kuwa na mpango mmoja. Kifungu cha 189 cha Katiba ya 2010 kinazitaka serikali za kaunti zishirikiane na kinaziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Hata hivyo, Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limeikabidhi kila kaunti upangaji wa ardhi yake na barabara zake, ilhali barabara kuu, kama hiyo ya Namanga inayopita hapo kwenu, ziko mikononi mwa serikali ya kitaifa.

Kwa hiyo Kajiado inapoidhinisha jengo jipya hupata ada, na mzigo wa magari ya wapangaji wake hubebwa na barabara ambayo si yake na jiji ambalo si lake. Simlaumu afisa yeyote, kwa kuwa mgawanyo wa mapato wenyewe haumpi sababu ya kukataa ombi la ujenzi kwa ajili ya jirani.

Mwaka 2017 iliundwa mamlaka ya usafiri inayojulikana kama NaMATA, ikihusisha kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Tatizo ni kwamba jukumu lake ni usafiri, na vibali vya ujenzi vimebaki kwa kaunti. Barabara ya Thika ilipopanuliwa na kukamilika 2012, Ruiru na Juja zilijaa nyumba za kupangisha. Katika hali kama hiyo, chombo kinachopanga mabasi bila kuwa na kauli juu ya ardhi kitakuwa kikikimbizana na wajenzi daima.

Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaziruhusu kaunti kuandaa mpango wa pamoja. Kaunti yako itakapoitisha vikao vya maoni ya umma kuhusu mpango wake wa maendeleo wa miaka mitano, wasilisha ombi la maandishi kwamba ardhi ya steji na ya njia za mabasi itengwe kabla ploti hazijauzwa, kwa makubaliano na Nairobi na Machakos.