Koili ya chaji ya V-Strom 650: je, lazima injini ishushwe?

Swali: Fundi, salaam. Nina Suzuki V-Strom 650 ya mwaka 2008 ambayo naisafiria Mtwara hadi Dar, na mara nyingine Songea. Nimeweka betri mpya nayo imekufa muda mfupi tu. Injini ikiunguruma kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, testa kwenye betri inasoma volti 12.3. Fundi wa bodaboda hapa kwetu anasema nibadilishe koili ya chaji pamoja na rektifaya, na kwamba lazima injini ishushwe na itafutwe puli ya kuvutia magneti. Ni kweli? Koili inaweza kusukwa hapa hapa? Na kwa nini imeungua? — Msomaji, Mikindani

Jibu: Ndugu yangu wa Mikindani, injini haishuki na puli huihitaji. Kwenye V-Strom 650 koili ya chaji, yaani nyaya zilizosukwa zinazozalisha umeme, imefungwa ndani ya kava la kushoto. Kava likitoka, koili inatoka nalo, magneti (gurudumu lenye sumaku linaloizunguka koili) inabaki palepale kwenye krenki. Zipo pikipiki ambazo koili hukaa kwenye bloku nyuma ya magneti, na huko puli inatakiwa kweli. Nadhani fundi wako anazifikiria hizo.

Lakini usinunue kitu bado. Volti 12.3 kwa mizunguko 5,000 zinakuambia tu kwamba chaji haifiki kwenye betri. Hazisemi imekwamia wapi. Inaweza kuwa koili, rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa koili uwe wa kuchaji betri), au plagi ya kuunganishia nyaya iliyoota kutu kati yao. Ukikaa pwani kama Mikindani, hewa ya chumvi hiyo plagi haiiachi.

Anza na betri yenyewe: ijaze kwa chaja, iache itulie saa chache, isome volti 12.6 hadi 12.8. Kisha fuata nyaya tatu za rangi moja zinazotoka kwenye kava la kushoto hadi kwenye plagi, uichomoe. Itazame vizuri. Plastiki iliyobadilika rangi kuwa kahawia, au pini moja nyeusi na mbili zinang'aa, ni ushahidi kwamba hapo pamekuwa pakichemka. Pini yenye kutu huzuia umeme, kizuizi huzaa joto, joto huongeza kutu, na mwisho waya mmoja unakatika kabisa. Ukikuta hivyo, usisafishe na kurudisha. Kata plagi yote, unganisha nyaya kwa risasi, vika kila mmoja mpira wa kusinyaa. Nyaya hizi tatu hazina mpangilio, wowote unaweza kwenda kwa wowote.

Sasa pima upande wa koili, plagi ikiwa nje. Weka testa kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa waya) na upime jozi tatu: wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa kwanza na wa tatu. Zote zisome chini ya omu 1 na zilingane. Kabla ya hapo gusanisha ncha za testa zenyewe na utoe namba inayotokea, maana testa nyingi za bei nafuu zina karibu nusu omu kwenye nyaya zake tu. Kisha ncha moja kwenye bodi ya injini, nyingine kwenye kila waya: isisome kitu. Ikisoma, koili imegusana na chuma, na hapo hakuna mjadala zaidi.

Kipimo kinachotoa hukumu ni cha volti za AC, umeme wa kubadilika unaotoka kwenye koili kabla ya rektifaya. Washa injini, plagi ikiwa bado nje, vuta mafuta hadi mizunguko 5,000 na upime jozi zilezile tatu. Koili nzima ya pikipiki hii hutoa volti 60 au zaidi kwa kila jozi, na zote tatu zinalingana. Umeme huo unapiga, kwa hiyo tumia ncha zenye klipu na uzifunge kabla ya kuwasha. Jozi moja ikisoma vizuri na mbili zikawa chini kabisa, tafuta waya uliomo katika zote mbili mbaya: huo ndio uliokufa. Zikilingana, rudia kipimo baada ya kuendesha dakika 20 na injini ikiwa ya moto. Vanishi (rangi inayohami nyaya za koili) iliyopasuka hushika ikiwa baridi na kuachia ikipata joto, na koili za namna hiyo ndizo zinazowapotezea watu betri mbili tatu bure. Volti zikiwa sawa baridi na moto, koili ni nzima, hamia kwenye rektifaya.

Tuseme koili imethibitika. Kabla ya kufungua, kuwa nayo mkononi: koili mpya, gasketi mpya ya kava, silikoni inayovumilia oili, gundi ya bolti ya nguvu ya kati, chujio na oili. Maduka ya Mtwara yamejaa vipuri vya bodaboda, hii utaiagiza Dar au nje na ije kwa basi. Mtumie muuzaji picha ya plagi yako na mwaka wa pikipiki. Usikubali kufungiwa rektifaya ya bodaboda "kwa muda": nyingi si za nyaya tatu za AC, na haitabeba mzigo wa pikipiki hii.

Injini ikiwa imepoa, ondoa waya wa hasi wa betri, mwaga oili, toa kava la spoketi ya mbele ili uone njia ya waya. Bolti za kava la koili zina urefu tofauti. Chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila bolti mahali pake kwenye mchoro, kwa sababu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inapasua aluminiamu. Kava litakataa kutoka hata bolti zote zikiwa nje, maana magneti inaivuta koili kwa nguvu. Livute sawasawa kwa mikono miwili, liguseguse kwa nyundo ya mpira, na vidole visikae kwenye ukingo, kwa sababu linaweza kurudi ghafla. Usichokonoe kwa bisibisi kati ya kava na bloku. Mkwaruzo mmoja utavuja oili maisha yote. Liangalie linavyotoka: gia ya kati ya mota ya stata iko nyuma yake, na washa zake hupenda kuondoka zimenata kwenye kava kisha kudondoka. Vile vile pini mbili za kulengea.

Koili iliyoungua utaitambua bila kuuliza. Iliyo nzima ina rangi ya kahawia ya kung'aa. Iliyokufa ina upande mweusi mkavu kama mkaa, vanishi inapukutika ukiigusa kwa ukucha. Vipande hivyo vimeshaingia kwenye oili, ndiyo maana nasema ubadilishe chujio pia. Kagua na magneti: sumaku zisiwe na ufa wala kucheza, na pasiwe na chembe za chuma zilizonata.

Bolti za koili ni za alenkii na zina gundi ya kiwandani. Zipashe joto kwanza, kisha alenkii iingie hadi mwisho, vinginevyo utaviringa kichwa. Sehemu ninayoiona ikiharibiwa zaidi ni kibati kidogo kinachokandamiza waya ndani ya kava. Watu hukiona hakina kazi wakakiacha. Waya ukilegea hapo unafika kwenye magneti inayozunguka na unakatwa siku hiyo hiyo. Kirudishe, tia gundi kwenye bolti zake na za koili, kaza za koili kwa nyutoni-mita 10 hivi. Raba ya kupitishia waya ipake silikoni pande zote.

Safisha uso wa gasketi kwa kikwangulio cha plastiki, huku umeziba mdomo wa injini kwa kitambaa safi. Tone dogo la silikoni liwe pale tu nusu mbili za bloku zinapokutana, juu na chini. Kwingine gasketi inatosha. Kaza bolti za kava kwa kukingamisha, nyutoni-mita 10. Silikoni ikishakauka kama pakiti inavyoelekeza, jaza oili 10W-40 yenye alama ya JASO MA: lita 2.7 ukibadilisha chujio. Isiyo na alama hiyo inaweza kufanya klachi iteleze.

Kusuka inawezekana. Msukaji ahesabu mizunguko ya waya kwenye meno ya koili ambayo hayajaungua, afuate mwelekeo uleule, na apime unene wa waya kwa maikromita. Ila waya na vanishi viwe vya daraja la kuhimili joto la nyuzi 180 za Selsiasi au zaidi. Waya wa feni na pampu za nyumbani mara nyingi ni wa daraja la chini, na ndani ya oili ya moto hautadumu. Kama hana waya huo, mimi ningesubiri basi.

Kuhusu kuungua kwake, rektifaya ya asili ya pikipiki yako inapopata umeme uliozidi huurudisha kwenye koili kwa kuunganisha nyaya zake pamoja. Koili inafanya kazi kwa nguvu karibu yote muda wote, uwashe taa au uzime. Ongeza jua la Lindi, mwendo mrefu wa barabara ya Kilwa, oili iliyopungua na plagi yenye kutu, vanishi inachoka. Kwa hiyo kuzima taa hakuiokoi koili. Kinachosaidia ni oili kuwa kwenye kiwango, plagi safi, na kama bajeti inaruhusu, rektifaya ya aina ya kukata mkondo badala ya kuurudisha, mfano Shindengen SH775. Koili hupumzika umeme usipohitajika.

Ukimaliza, betri isome volti 14 na kitu kwa mizunguko 5,000, taa kubwa zikiwaka. Ikizidi 15.5, rektifaya ni mbovu na itaua betri mpya. Ikibaki chini ya 13.5, pima kati ya chanya ya rektifaya na chanya ya betri injini ikiunguruma, halafu hasi kwa hasi. Zaidi ya volti 0.3 upande wowote ni waya au fyuzi yenye kutu.

Kabla kipuri hakijafika usiende mbali. Betri ya pikipiki hii, YTX12-BS, ni ya Ah (ampea-saa) 10, na pampu ya mafuta, injekta na plagi za moto zinaweza kula ampea 8 hivi hata ukichomoa fyuzi ya taa kubwa. Kwa hesabu hiyo ni saa moja na robo, ila betri hulegea kabla ya kuisha kabisa, hivyo usitegemee saa nzima ya mwendo wa mchana, na Lindi hutafika bila betri ya pili iliyojazwa kwenye begi.